Vifuniko Kumi na Kimoja vya Fundi Awadhi Kaimu

Ndugu, majirani na wageni mliofika hapa Nandagala tangu jana, wengine kwa lori la pamba na wengine kwa miguu kutoka Nachingwea, familia ya Mzee Kaimu Mchopa imenituma mimi, Abdulatifu, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu Awadhi, ambaye tumetoka kumzika muda mfupi uliopita, na kwa kuwa yeye hakupenda kuzungumzwa mbele za watu, naomba anisamehe, nanyi mnivumilie, maana karatasi ni ndefu na wote tumechoka.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Nandagala, Ruangwa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kaimu Mchopa, mkulima wa mtama na ufuta, na mama yetu Bi Mwamini, na tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote, ila mama alisema siku zote kwamba wapagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza walipopita hapa wakachukua mtama wetu, Awadhi alikuwa anaweza kukimbia mwenyewe kwenda kujificha porini, basi wazee wakahesabu vidoleni, wakaweka mwaka 1913, na mwaka huo ndio ulioandikwa kwenye karatasi zake zote za kazi hadi cheti cha hospitali cha juzi.

Alisoma chuo cha Kurani hapa nyumbani, kisha kuanzia Januari 1925 hadi Desemba 1929 alisoma shule ya serikali Lindi, akamaliza darasa la nne, na katika cheti chake, ambacho shemeji, mkewe, ametuonyesha jana kikiwa kimeliwa na mchwa pembeni, mwalimu aliandika kwamba kijana huyu ana mikono mizuri, anajua kuchora, na haulizi maswali. Kuuliza alikuja kujifunza baadaye sana, akiwa mtu mzima, na aliuliza swali moja tu, lakini lilimtosha kumchosha mpaka mwisho wa siku zake.

Tarehe 3 Februari 1931 aliajiriwa katika shamba moja la mkonge karibu na Lindi, jina lake tuliache, akawa msaidizi wa fundi wa mashine ya kusindika mkonge kwa miaka kumi na saba, na huko ndiko alikojifunza gia, beringi na mikanda, na alijifunza pia, kama walivyojifunza wote waliofanya kazi hizo, kwamba mashine huchukua vidole, na kwamba jambo hilo likitokea watu husema ni bahati mbaya, humfunga mwenzao kitambaa, husafisha damu kwa maji ya ndoo, kisha kengele inalia na kazi inaendelea.

Tarehe 12 Machi 1936, kijijini Mnacho, alifunga ndoa na Bi Sofia Swalehe, ambaye yupo hapa nasi na ambaye tunampa pole kuliko mtu mwingine yeyote, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, wakabaki Zaina, aliyezaliwa mwaka 1938 na sasa ni mama wa mtoto mmoja, na Kaimu, aliyezaliwa mwaka 1942 na kupewa jina la babu yake, ambaye hata hilo jeneza la mbao mliloliona leo alilipiga randa kwa mikono yake.

Ulipokuja mradi wa karanga, marehemu aliacha mkonge na kuhamia Nachingwea mwezi Februari 1948, akaandikwa katika karakana ya matrekta, na mtakumbuka jinsi miaka ile ilivyokuwa, misitu inang'olewa usiku na mchana, reli inaletwa, watu wanamiminika kutoka kila upande, kisha kama ndoto karanga zikakataa, Wazungu wakafunga mizigo, na tarehe 31 Machi 1951 kaka yetu aliachishwa kazi pamoja na wenzake wengi, akiwa na barua moja ya sifa na ruhusa ya kuchukua vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana.

Vyuma hivyo ndivyo vilivyomfanya ajulikane, kwa sababu tangu mwaka 1949, akiwa bado kazini, alikuwa akivitumia jioni kuunda mashine za kubangulia karanga, ndogo, za kuzungushwa kwa mkono, zenye gia mbili, kubwa na ndogo, ambazo mama mmoja anazungusha mpini na mwingine anasimama upande wa gia akisukumia karanga ndani, na kazi ya siku nne ya vidole vya wanawake ikawa kazi ya asubuhi moja. Aliunda kumi na moja kwa jumla, akazipiga namba kwa patasi, moja hadi kumi na moja, nazo zikaenda Mtua, Nambambo, Lionja na huku kwetu Ruangwa, na mama zetu walizishangilia kweli kweli, wakampa jina la Fundi, na tangu hapo hata mke wake akawa anamwita Fundi.

Gia za mashine zile zilikuwa wazi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni kosa, wala yeye mwenyewe hakuliona, kwani gia zote alizozifahamu tangu ujana wake zilikuwa wazi, na mtu mwenye akili alitarajiwa kuangalia mkono wake.

Tarehe 14 Julai 1951, siku ya Jumamosi, huko Lionja, Bi Mwamina binti Bashiri, mjane, mwenye mashine namba nne, alikuwa akisukumia karanga huku majirani wakizungusha, ncha ya kanga yake ikaingia kwenye gia, akaishika ili aivute, na mashine ikachukua vidole vinne vya mkono wake wa kushoto, kikabaki kidole gumba. Kaka yetu aliposikia alikwenda kumpa pole, akabeba kuku wawili na mfuko wa unga, akakaa na wanaume barazani, wote wakasema ni bahati mbaya, ni Mungu kapenda, naye akasema hivyo hivyo, kisha akarudi nyumbani, akaunda nyingine tano, zote wazi. Jambo hili hatulisomi ili kumvunjia heshima marehemu siku ya maziko yake, tunalisoma kwa sababu alimwagiza mkewe kwamba maisha yake yakisomwa, mashine hizo tano zisirukwe.

Mwaka 1953 sheria ya viwanda ilianza kusikika huku kwetu, na tarehe 9 Juni mwaka huo mkaguzi alifika Nachingwea, akawakusanya wenye vinu, wenye misumeno na mafundi wote, akawasomea kwamba kila gia, kila mkanda na kila gurudumu linalozunguka lazima liwe na kifuniko imara kinachokaa mahali pake muda wote kazi inapofanyika, na kwamba atakayejibu si mwenye kiwanda peke yake, hata anayeunda mashine na kuiuza ikiwa wazi naye atajibu. Watu waliguna, mmoja akasema sasa na jembe nalo tulifunike, wakacheka, ndipo Awadhi, yule aliyeandikwa kwamba haulizi, akasimama na kuuliza, je, za kwangu kumi na moja. Mkaguzi alimjibu kwa upole, na tunaamini alidhani anamtua mzigo, kwamba zake haziguswi, kwanza zinazungushwa kwa mkono, pili zimeundwa kabla ya sheria kuanza, hivyo sheria imemsamehe.

Kaka yetu alirudi nyumbani na msamaha huo, na Bi Sofia anasema hakula siku mbili. Alisema sheria imemsamehe, lakini hajui ni nani aliyeiomba, maana si yeye, na hadhani kuwa ni Bi Mwamina.

Siku ya tatu alikwenda Lionja kwa baiskeli, akitaka aanze kuifunika namba nne, na Bi Mwamina akampokea vizuri, akamtandikia mkeka, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo marehemu alituambia sote nyumbani kwa nyakati tofauti, kila mara kwa sauti ile ile ya chini, alimwambia, "Fundi, anza na za wenzangu. Yangu imeshashiba." Akapanda baiskeli akaondoka. Alichoelewa ni kwamba mama yule hakumsamehe, na kwamba hatakiwi kurudi pale mpaka kumi nyingine ziwe zimefungwa, na hivyo ndivyo alivyopanga miaka yake yote iliyobaki.

Kiangazi hicho cha 1953 alikata mapipa, akatengeneza vifuniko kumi vya bati, akavifunga kwa bolti kwenye mashine kumi, bila kumdai mtu chochote, akarudi nyumbani amekonda lakini ana raha, akasema Lionja atakwenda akishaona kwamba vimekaa mahali pake msimu mzima. Alipozunguka tena Julai 1954 kuvikagua, alikuta vitatu tu vipo mahali pake. Huko Mtua kifuniko kilikuwa jikoni kinaokewa mikate, Nambambo kilikuwa kimefunika mtungi, kwingine kilianikiwa ufuta, na wenye navyo hawakumficha, walimshukuru kwa furaha, wakamwambia Fundi ahsante kwa lile bati, kwa sababu nani huku kwetu anaacha bati zuri namna ile lizeeke juu ya mashine inayofanya kazi miezi mitatu kwa mwaka. Alishindwa hata kukasirika.

Mwaka 1955 akatengeneza vingine, safari hii akavitoboa matundu kwa msumari bati zima, ili visishike maji, visiokewe mkate wala kuanikiwa kitu, na baada ya mavuno akakuta wanawake wameona kwamba upande wa nyuma wa matundu yale una meno, basi wanavikwaruzia mihogo. Mwaka 1956 akaacha bati kabisa, akachonga vifuniko vya mbao, vizito, vibaya kwa makusudi, na mwezi Agosti alipofika Nambambo kwa mzee mmoja aliyemheshimu sana, alikaribishwa uji, akasogezewa kigoda, akakaa, akanywa uji hadi nusu bakuli, ndipo akatazama chini akaona amekalia kifuniko chake namba saba. Bi Sofia anasema siku hiyo alirudi akicheka, akacheka mpaka akalala chini, na asubuhi yake alikuwa na homa.

Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia Mei 1954 hadi Desemba 1956, mkaguzi alimwajiri awe fundi msaidizi, azunguke naye kwenye vinu vya kukamua mafuta na mashine za mbao kuwaonyesha wenye mali jinsi kifuniko kinavyotengenezwa, naye aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, lakini ilimla. Habari za gari la mkaguzi zilikuwa zikifika kabla ya gari lenyewe, na wakifika wanakuta kila kitu kimefunikwa kama sheria ilivyoandikwa, ila Awadhi akigusa bolti anaona zinang'aa, zimekazwa asubuhi ile ile, na alijua kwamba vumbi la gari likitulia tu spana zitatoka tena. Aliandika taarifa, tena aliandika, watu wachache walitozwa faini, wengi walionywa, na wale wafanyakazi ambao vidole vyao vilikuwa vinapiganiwa ndio waliokuwa wa kwanza kufungua, kwa sababu kifuniko kilipunguza kasi na wao walilipwa kwa gunia. Hatumlaumu mkaguzi, alikuwa mtu mmoja na barabara ni ndefu. Tarehe 31 Desemba 1956 marehemu aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili, akasema anafunika mashine za watu wakati za kwake zipo wazi.

Hapo ndipo alipokaa chini miezi mitatu bila kuunda kitu, majirani wakadhani ameugua akili, kumbe alikuwa anafikiri, na mwezi Aprili 1957 akamwita Abdala, fundi mwenzake kutoka Mtua ambaye amebeba jeneza leo, akamwambia kwamba kosa lake lote lilikuwa moja, amekuwa akitengeneza kitu ambacho mashine inaweza kuishi bila hicho. Akaitoa beringi ya shafti, ule mhimili unaobeba gia, kwenye fremu ya mashine, akaihamishia ndani ya kifuniko chenyewe, kwa namna ambayo ukikiondoa kifuniko shafti inakosa pa kulala, inaanguka chini, na mashine haizunguki hata nusu. Kifuniko hicho hakiwezi kuokewa mkate bila karanga kubaki na maganda yake. Mkaguzi alipopita Nachingwea mwaka uliofuata akakiona, alikichora kwenye daftari lake, akasema wenzake walioandika sheria waliandika kuwa kifuniko kikae mahali pake, lakini hakuna aliyewaambia habari za mikate.

Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, kila mashine ilibidi ibomolewe na kuundwa upya, na kila moja ilimchukua miezi miwili au zaidi, chuma kikitafutwa, mvua zikingojewa ziishe, yeye na Abdala wakisukuma baiskeli zenye mizigo kutoka Nachingwea hadi Ruangwa na kurudi. Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa 1957, miguu ikaanza kuvimba katikati ya 1958, madaktari wakamwambia moyo umechoka na apumzike, naye akawajibu kwamba zimebaki nne, kisha akawajibu zimebaki mbili. Tarehe 22 Agosti 1959 aliifunga namba kumi na moja hapa Ruangwa, ya kumi kwa hesabu ya vifuniko, na tangu vifuniko vya namna hiyo vianze kutumika hakuna hata kimoja kilichokutwa jikoni.

Ilibaki namba nne. Kifuniko chake alikitengeneza akiwa ameketi kitandani, Kaimu akimshikia chuma, akakimaliza tarehe 19 Septemba, akakipiga namba kwa patasi ile ile, na tarehe 24 akalazwa hospitali ya Nachingwea, ambako kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kama njia ya Lionja inapitika, na hatukuwa na moyo wa kumwambia kwamba shida si njia. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1959, Bi Sofia akiwa pembeni yake, alifariki dunia.

Siku hiyo hiyo Abdala alikwenda Lionja kutoa taarifa ya msiba, akamkuta Bi Mwamina uani kwake, karibu na mashine, kwa sababu ni majira ya karanga, wanawake wengine wakizungusha mpini na yeye akiwa upande wa gia, na aliposikia habari aliwasimamisha wenzake, kisha akamwuliza Abdala kwa nini Fundi hakurudi, miaka sita anamngojea. Abdala akamkumbusha maneno yake. Bi Mwamina amefika hapa jana, yupo pamoja na akina mama, na ametuomba yafuatayo yasomwe mbele ya watu wote kama alivyoyasema.

Anasema hakumwambia vile kwa chuki. Tangu mkono wake ulipopona, hakumruhusu mwanamke yeyote, awe binti yake au jirani, asimame upande wa gia wa namba nne, upande huo amesimama yeye peke yake kila msimu, miaka minane sasa, akiuweka mkono wa kushoto kati ya gia na wenzake, kwa kuwa mkono huo hauna tena cha kuchukuliwa, na ndiyo maana alimwambia Fundi aanze na za wengine, kwani hizo hazikuwa na mtu wa kuzikinga, yake ilikuwa naye. Anasema alidhani Fundi ameelewa. Anasema alikwisha kumsamehe siku ile ya kuku na unga, kabla hata ya sheria, na kama angejua kwamba kaka yetu anaubeba mzigo huo, angekuja kwa miguu kumwambia.

Sisi wa familia tumelipokea neno hilo kwa uchungu mkubwa, kwa sababu limechelewa siku moja, na hatujui tulipeleke wapi ila hapa, mbele ya kaburi lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nachingwea waliomhudumia kwa subira mgonjwa asiyetaka kulala, tunawashukuru majirani wa Nandagala kwa maji, kuni na mikeka, mafundi wenzake wa karakana waliofika hata wale tuliodhani wamemsahau, wenye mashine zote kumi waliosimamisha kazi leo bila kuombwa, mkaguzi aliyetuma salamu za rambirambi kwa simu ya posta, na Bi Mwamina binti Bashiri, ambaye hatuna maneno ya kumshukuru. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na kifuniko kimoja kilichokuwa chini ya kitanda, ambacho sasa kipo mlangoni kimefungwa kwa gunia, na Abdala na Kaimu wataondoka nacho kesho baada ya sala ya alfajiri, ili Bi Mwamina atoke upande ule aliosimama, akakae.

Mwenyezi Mungu akurehemu, kaka. Pumzika sasa, namba nne tunaifunga kesho.